Kivuli cha Leontin

Saveta alikuwa ameshaidharau ngome ya Dolna kabla hata hajashuka garini. Miaka mingi ilikaa gofu juu ya kilima chake, watu wakaiheshimu kwa ugofu wake. Sasa wameikarabati, wameipaka rangi ya mtindi, wameitundikia taa na kuiwekea kibanda cha soseji. Alidharau vigae vipya. Aliwadharau wageni waliojipiga picha na mashoka ya plastiki. Zaidi ya wote alimdharau mumewe, Leontin, aliyepanda ngazi akihema na kusimama kila baada ya hatua kumi, eti anatazama mandhari.

"Unatazama nini? Kilima ni kilekile."

"Napumzika, mama watoto."

"Umechoka na nini wewe? Na kustaafu?"

Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipofika mnara wa magharibi. Hapo ujenzi ulikuwa haujaisha. Fundi mmoja mzee, kofia ya manyoya ya kondoo kichwani, aliketi kando ya ukuta uliobomoka, ameshika uzi. Harufu ya chokaa mbichi ilikaba pua.

"Ukuta umeanguka tena usiku," alinong'ona bila kuulizwa. "Mara ya tatu..."

Saveta alicheka. Alikulia milima hiyohiyo ya Karpati, na alijua mafundi wa huko wanafanya nini ukuta ukigoma. Humpima mtu kivuli kwa uzi, wakaufukia uzi ule ndani ya ukuta. Ukuta husimama. Mwenye kivuli hamalizi siku arobaini. Upuuzi wa bibi yake, aliyekuwa akiogopa hata paka.

"Kwa hiyo unawinda kivuli, mzee? Zama hizi?"

Fundi aliuzungusha uzi kidoleni.

"Basi pima cha huyu." Alimnyooshea kidole Leontin, aliyewapa mgongo akimenya yai la kuchemsha. "Mwaka mzima hakina kazi. Chukua, nakupa."

"Unanipa?"

"Kwa moyo mweupe."

Fundi akainuka. Akautandaza uzi juu ya mawe, kutoka kisigino cha Leontin hadi mwisho wa kivuli cha kichwa chake. Akaukata kwa meno.

Kt!

Leontin aligeuka ghafla, yai mkononi. "Nani kanivuta?"

Walishuka ngazi. Leontin hakusimama kupumzika hata mara moja, na hilo ndilo lililoanza kumsumbua Saveta. Garini Leontin alishika usukani bila kuwasha injini.

"Miguu imekufa ganzi," alisema. "Yaani kama nimeizika."

Akakohoa kwenye leso. Leso ikajaa unga mweupe.

Chokaa.

Dharau yote ikamtoka Saveta. Alizipanda ngazi mbio, viatu mkononi, akimwita Mungu ambaye kwa kawaida alimkumbuka Pasaka tu. Alimkuta fundi ananawa mikono. Ukuta ulikuwa umesimama wima. Mkavu...

"Nirudishie uzi."

"Uko ndani."

"Nilikuwa natania! Chukua changu basi!"

Fundi alitazama chini, kwenye mawe. Jua lilikuwa limeshazama na hakuna aliyekuwa na kivuli. Kisha akamtazama yeye usoni, kwa dharau ambayo Saveta alizoea kuwatazamia wenzake.

"Sisi huiba vivuli, mama," alisema taratibu. "Hajawahi kuja mtu akatupatia mtu wake."

Akaokota mwiko wake, akaenda zake.

Saveta aliukwangua ukuta mpaka kucha zikatoka damu. Kule chini, kwenye maegesho, Leontin alipiga honi. Piii... piii... Yu hai. Yuko garini. Alijiambia hivyo mara kadhaa, akabandika sikio kwenye jiwe.

Ndani, karibu kabisa...

"Saveta... nisogezee blanketi."

Yalikuwa maneno yake ya kila usiku. Na kila usiku, kwa miaka thelathini na mmoja, Saveta alikuwa akimjibu ajisogezee mwenyewe.