Kiatu cha Dohani

Alhamisi, siku ya soko, Dorcas Hebblewhite alifungua duka lake la vifungo na nyuzi akakuta nyayo za mtoto, nyeusi kwa masizi, zimetoka dohani, tundu la moshi la ukutani, hadi katikati ya sakafu. Zilikuwa za mguu wa kushoto tu. Hazikurudi.

Akazipiga deki haraka. Nyumba ya miaka mia nne haikosi vioja, lakini kosa lake alilijua. Juzi mwashi Len Purkiss, akikarabati dohani, alitoa humo kiatu kikuukuu cha mtoto, cha mguu wa kushoto.

"Kirudishe, bibie," alimwambia. "Wazee walikificha makusudi. Kitu kibaya kikiteremka dohani kidhani kuna mtu, kiingie kiatuni kinaswe."

Dorcas alicheka, akakipanga dirishani kivutie wateja. Tamaa mbele, mauti nyuma. Aliyevutika kwanza ni mjukuu wake Tamsin, wa miaka mitano, aliyekivaa bibi akiwa amegeuka.

Tangu hapo mtoto akawa anachechemea, mguu wake baridi, na hata akiogeshwa ananuka masizi. Sasa, soko limepamba moto nje, alisimama mbele ya dohani akinong'ona.

"Unaongea na nani, mpenzi?"

"Anataka tubadilishane."

"Mbadilishane nini?"

"Mahali."

Dorcas alimwacha mtoto palepale, akakimbia sokoni kumtafuta Len.

"Si nilikwambia? Sikio la kufa!"

"Nitukane baadaye, Len. Njoo uzibe!"

Walimkuta Tamsin ametulia kitini. Len akarudisha kiatu, akapanga matofali, na kila tofali lilipokaa upepo ulivuma ndani ya dohani, ukanuka moto wa zamani, ukalia, ukashuka, mpaka Dorcas akamkumbatia mjukuu wake, akafumba macho na kusali sala zote alizozijua tangu utotoni. Tofali la mwisho likaingia. Kukawa kimya.

"Yamekwisha, mpenzi," akasema, akilia kwa furaha.

Nyuma ya matofali pakagongwa, polepole.

"Bibi? Mbona huku giza? Bibi, nitoe!"

Len akadondosha mwiko. Dorcas akamtazama mtoto aliyemkumbatia. Mtoto akashuka kitini, akatembea hadi ukutani bila kuchechemea, akaigusa chokaa kwa kidole.

"Msijali," akasema. "Ikikauka atanyamaza."