Mkebe wa Peremende wa Baba Naliaka

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Naliaka alimpigia baba yake viatu rangi. Baba huyo, Erastus, alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha Thika, lakini ukimwona akitoka kwenye ploti yao ya nyumba za kupanga pale Ruiru, tai shingoni na gazeti kwapani, ungedhani kiwanda ni chake.

Majirani aliwadharau wote, hasa Mbuvi, aliyekuwa akitibiwa ugonjwa wa huzuni. Mbuvi akipita, Erastus alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mwanamume anayemeza dawa za mawazo afadhali avae marinda. Maneno makubwa hayo, kutoka kwa mtu aliyekuwa akimeza dawa kama hizo.

Zake alizipata Thika, kwa daktari asiyejulikana na mtu yeyote wa Ruiru, kisha akazihamishia kwenye mkebe wa peremende za koo. Naliaka alipomfumania, aliapishwa asiseme, hata kwa mama.

Baadaye Daktari Wakonyo wa Ruiru alimpima Erastus, akakuta mafuta mengi kwenye damu. Kabla ya kumwandikia dawa ya kuyapunguza, alimuuliza kama anatumia dawa nyingine yoyote. Bwana mkubwa akajibu hakuna.

Haukupita muda, mapaja na mabega yakaanza kumuuma kama mtu aliyepakua lori zima la mahindi. Akalaumu godoro. Akalaumu nyama ya bucha. Akamlaumu hata Mbuvi, ati ana jicho baya. Mwishowe miguu ikakataa kumfikisha chooni, akapewa beseni, na Naliaka alipokwenda kulimwaga aliona mkojo mweusi kama chai ya turungi.

Siku hiyohiyo yeye na mama yake walimkokota hadi kwa daktari. Wakonyo akauliza tena lile swali la dawa nyingine. Erastus akatupa jicho mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, na kwenye benchi la nje alikaa Mbuvi.

"Hakuna," akasema.

Naliaka alijua akifungua mdomo baba atamchukia. Lakini alikuwa ameliona lile beseni.

"Daktari, anameza nyingine. Ya huzuni. Anaificha kwenye mkebe wa peremende."

"Wewe mtoto, nyamaza."

"Nikinyamaza utakufa, baba."

Wakonyo alifunga mlango, akamtoa Erastus namba ya daktari wake wa Thika, akampigia simu, kisha akawaeleza: dawa ile ya huzuni ilizuia mwili kuondoa dawa ya mafuta, hiyo ya mafuta ikarundikana kwenye damu, ikawa inararua misuli, na uchafu wa misuli hiyo ulikuwa unaziba figo. Dawa ya mafuta aliisimamisha papo hapo. Ile nyingine alisema isikatwe ghafla, daktari wa Thika ataamua. Erastus akapelekwa hospitali kutundikiwa maji.

Figo zilipopata nafuu, Wakonyo alikuja kumwona wodini. Erastus, bila tai, alinung'unika kwamba sasa watu watasema.

"Watu gani?" daktari akamuuliza. "Hao wangekunywa chai kwenye matanga yako, waulize kama mkate umebaki, halafu waende zao. Huzuni ni ugonjwa, na Mbuvi ana akili ya kuutibu bila kujificha. Ukiulizwa unameza nini, taja yote, hata dawa ya kikohozi."

Kisha akamgeukia Naliaka, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda.

"Na wewe usijute. Siri inayoua mtu haitunzwi. Inasemwa, tena mapema."