Nilipunguza Bakapu, Nikapoteza Miguu ya Watu

"Kazi zangu sikuzihifadhi kwenye seva, madam. Kosa ni langu."

Shemeji yangu alisema hivyo akiwa amesimama mbele ya bosi, mikono bado imejaa unga mweupe wa plasta.

Mimi nilikuwa nimeketi kando yao, narudisha mafaili kutoka kwenye bakapu, ile nakala ya akiba.

Kwa sababu alikuwa anadanganya. Alizihifadhi, kila siku. Na mle chumbani, mtu pekee aliyeweza kusema hivyo ni mimi.

Nikanyamaza...

Jamani, ngojeni kwanza niwaeleze.

Tunatengeneza miguu bandia. Shemeji, mume wa dada yangu, ndiye fundi. Anapima kigutu cha mgonjwa kwa skana, kisha anairekebisha picha inayotoka kwenye kompyuta: hapa apunguze, hapa aache nafasi mfupa usiumie. Marekebisho hayo ndiyo kazi yenyewe. Bila hayo, mgonjwa anapewa mguu unaomchubua.

Mimi natunza kompyuta. Sikusomea, nilijifunza mwenyewe kwa kuuliza na kuharibu. Shemeji ndiye aliyeniombea kazi.

Bakapu yetu ilikuwa inanakili seva nzima kila siku, hata mafaili ambayo hayajaguswa tangu mwaka juzi. Diski ikajaa.

"Hakuna diski nyingine," bosi akaniambia. "Ipunguze."

Nikatoa video za semina. Nikatoa mafaili yanayojirudia. Bado kubwa. Ndipo nikaona folda moja nzito imeandikwa "Ya Muda". Nikajua ni mabaki tu ambayo programu huacha njiani, kama maranda ya seremala. Nikaiambia bakapu iiruke.

Ikabaki theluthi. Bosi akanisifu mbele ya wote, nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Juzi seva ikafa.

Picha za vigutu vyote zilirudi. Marekebisho hayakurudi hata moja. Programu ya shemeji ilikuwa inayaweka humo humo, kwenye "Ya Muda".

"Acha funguo za karakana mezani," bosi akamwambia shemeji baada ya ule uongo wake.

Akaziweka. Hakunitazama.

Nikamkuta nje kwenye bomba, ananawa.

"Shemeji, mbona umesema vile?"

"Vile vipi?"

"Unajua ulihifadhi."

"Najua."

"Ni mimi niliyeiruka ile folda."

"Hilo nalo najua." Akaendelea kusugua kucha. "Si ulikuja ukaniuliza?"

"Nilikuuliza?"

"Uliingiza kichwa mlangoni ukasema, shemeji, ile ya muda ina kazi? Nikakwambia tupa. Nilikuwa na mgonjwa kasimama kwa mguu mmoja, sikugeuka hata kukutazama."

Kweli nilimuuliza. Nilikuwa nimesahau, maana niliuliza kama mtu anayepita njia, nikitaka jibu lile lile alilonipa.

"Basi tumekosea wote wawili."

"Ndiyo. Na nyumba ni moja. Tukifukuzwa wote, dada yako atatupikia nyaya zako?"

"Kwa hiyo unibebee?"

"Punguza sauti."

Niwaambie ukweli, nilitamani kukubali. Nilisimama pale nikitazama maji meupe yakiingia mtaroni, nikitafuta sababu za kunyamaza. Nilizipata nyingi, na zote zilikuwa nzuri. Hapo ndipo nilipojiogopa.

Nikarudi ndani.

"Madam, alihifadhi. Bakapu yangu ndiyo iliyoacha."

Bosi akazivuta funguo zilizokuwa mezani.

"Ulijua hivyo wakati anaweka funguo?"

"Nilijua."

"Basi hilo ndilo baya zaidi." Akazisukuma funguo kwangu. "Mpelekee. Wagonjwa wote wanaitwa upya, maana vigutu hubadilika na picha za zamani hazitoshi. Wewe utashika skana mpaka wa mwisho apimwe. Halafu tutaongea kama bado una kazi."

Leo wameanza kuja.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja muuza vitambaa. Alikaa kwenye kiti, akapandisha gauni, akatutazama mmoja mmoja.

"Mimi mguu niliupoteza mara moja. Nasikia humu ndani mmenipotezea mara ya pili. Ni nani?"

Shemeji akafungua mdomo. Nikamuwahi.

"Ni mimi, mama."

Hakunitukana. Heri angenitukana.

"Haya. Piga magoti, upime vizuri."

Nikapiga magoti.

Bakapu nimeipanga upya. Inanakili seva nzima mara moja kwa wiki, siku nyingine inachukua kilichobadilika tu. Imekuwa ndogo kuliko ile niliyosifiwa, na hakuna kitu kilichoachwa nyuma. Njia hiyo ilikuwepo tangu mwanzo. Ningeiona kama ningesoma kurasa mbili zaidi badala ya kukimbilia kufuta.

Ndugu zangu, msiache kitu nje kwa sababu tu hamkijui. Mkiuliza, mpelekeeni mtu kitu chenyewe akione, msiulizie mlangoni. Na kabla hamjapokea sifa za bakapu, jaribuni kwanza kurudisha mafaili.

Shemeji bado hajaniambia neno la lawama. Jioni hii amefuta meza, amefunika plasta, akaning'iniza aproni yangu karibu na yake.

Foleni haijafika hata nusu. Kesho asubuhi anaanza mzee mmoja fundi viatu.

Huyo ni miguu yote miwili.