Vidole Vyeusi vya Lutengano

Mtu anayekwenda sokoni Mwanjelwa akanunua majani ya mparachichi, maparachichi yenyewe akayaacha, huyo ama anafuga mbuzi ama ana lake jambo. Hivyo ndivyo alivyowaza Esnath asubuhi ile, gauni lake la kitenge cha rangi ya chungwa likipepea na sweta jeupe likiwa begani. Alikuwa muuguzi wa Iringa, amekuja Mbeya kwa semina ya siku mbili, na alitaka matunda ya kumpelekea mama yake nyumbani Kihesa. Pembeni yake kijana mrefu, shati limenyooshwa hadi linakata, alikuwa anashindilia majani kwenye mfuko.

"Kaka, una mbuzi wangapi?" Esnath akashindwa kujizuia.

"Sina mbuzi, dada. Nina vidonda."

"Jamani, pole! Viko wapi?"

"Kwa watu," kijana akasema, akacheka.

"Huyo mzoee tu, mwanangu," mama muuza matunda akadakia. "Kila wiki anatubebea majani, matunda anatuachia."

Esnath akamtazama vidole. Ncha zote nyeusi tii. "Na hivyo vidole? Au mkaa nao unauza?"

"Hii ni fedha, dada, madini kama ya hereni zako. Naichanganya na maji ya majani haya, inageuka chembechembe ndogo mno, unywele wako mmoja mbele yake ni gogo. Vijidudu vya kwenye kidonda, hata vile vilivyozoea dawa, vikikutana nazo vinakufa. Ila ile fedha ikikugusa kidole kabla haijachanganywa, huo weusi utakaa nao wiki mbili."

Miaka sita Esnath alikuwa anaosha vidonda. Aliijua harufu ya kidonda kilichokataa kila dawa, na aliwajua watu waliokatwa miguu kwa sababu hiyo. Moyo ukamdunda. Lakini tusidanganyane, wasomaji wangu, haikuwa sayansi peke yake. Kijana alikuwa na vishimo mashavuni.

Jina lake Lutengano, mtafiti wa dawa katika maabara moja pale Mbeya. Wakapeana namba za simu hapo hapo, na kuanzia siku ile kila saa ya chakula cha mchana simu ya Esnath ikawa inaita.

"Nesi wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe umekula majani?"

"Nimekula mawazo yako, nimeshiba."

"Muongo mkubwa! Kale ugali huko, usije ukanifia."

Mwezi wa tano kibali kikatoka. Dawa ya Lutengano ijaribiwe kwa wagonjwa waliokubali, wodi moja Mbeya na nyingine Iringa, na kule Iringa mfungaji vidonda akateuliwa Esnath. Furaha iliyoje! Boksi la bandeji zenye dawa likaja na karatasi ya maelekezo, Esnath akaibandika ukutani na kuifuata neno kwa neno.

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa Mzee Zabron, mkulima aliyejikata muundi kwa shoka. Daktari alishasema wazi kwamba kidonda kisipogeuka hadi mwisho wa mwezi, mguu unakatwa.

"Binti yangu," mzee akamwambia, "shamba langu liko mlimani. Kwa mguu mmoja nitalipandaje?"

"Hukatwi, baba. Mimi nipo."

Aliahidi, na ahadi ikaanza kumsuta. Mbeya vidonda vilikuwa vinafunga, lakini cha Mzee Zabron kilizidi kutoa usaha. Siku ya kumi mkuu wa wodi akamwita ofisini, akampa barua kutoka Mbeya. Ilisema uchunguzwe utendaji wa muuguzi wa Iringa, kwani inaonekana hafuati maelekezo. Chini palikuwa na mhuri na sahihi ya Lutengano.

"Mimi mikono yako naijua," mkuu akasema. "Endelea na kazi."

Esnath alitoka nje akapiga simu.

"Lutengano, umeniandikia barua?"

"Mpenzi, nisikilize. Utafiti una taratibu zake, na majibu ya huko..."

"Asubuhi umeniita asali wa moyo! Mchana umeniita mzembe, tena kwa mhuri!"

"Ningekwambia kwanza wangesema nakupendelea."

"Basi usinipendelee tena." Akakata.

Wiki mbili kiburi cha Kihesa kikavutana na kiburi cha Mbeya. Saa ya mchana ikifika Esnath alikuwa anaitazama simu, anaigeuza kifudifudi, kisha anaigeuza tena. Alimpenda, na kupenda kule kulimuuma kuliko barua. Siku moja, Esnath akifungua kile kidonda, Mzee Zabron akamuuliza kwa sauti ya chini kama siku zilizobaki ni nane au saba. Esnath alimaliza kukifunga. Alinawa, akaandika ujumbe: "Mzee anakatwa mguu mwisho wa mwezi. Yetu tuyaweke kando. Kama mimi ndiye mbovu, njoo uone kwa macho yako."

Kesho yake mchana Lutengano alikuwa amesimama kando ya kitanda cha mzee, sweta la kuazima, ndevu hazijanyolewa. Hawakusalimiana zaidi ya "kamwene", salamu ya Kihehe. Esnath akavaa glavu, akaosha kidonda kwa maji ya chumvi, akailowesha na bandeji kwa maji hayo hayo ili isije ikagandia kwenye nyama. Ndivyo alivyofundishwa chuoni, na ndivyo alivyofanya miaka yote sita.

"Subiri!" Lutengano akaruka. "Hayo ni maji gani?"

"Ya chumvi. Ulitaka nioshe kwa soda?"

Kijana akakaa kitandani kwa mgonjwa bila kuomba ruhusa. "Chumvi na fedha vikikutana vinashikana, dawa inakosa nguvu. Yanatakiwa maji matupu, yaliyochemshwa. Kule Mbeya nawaandalia mwenyewe." Akainuka, akaisoma ile karatasi ya ukutani toka juu hadi chini, kisha akarudia. "Sikuandika. Najua mimi, nikadhani kila mtu anajua."

Mkuu wa wodi alikuwa amesogea kusikiliza. Lutengano akamgeukia mkuu wa wodi, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kitanda cha mwisho, "Kosa ni langu. Muuguzi huyu hana kosa hata chembe."

"Kwa hiyo mguu wangu ndio mmeufanya darasa?" Mzee Zabron akang'aka. "Haya, nioshwe hayo maji matupu! Kugombana mtagombana baadaye."

Barazani Lutengano akaandika barua ya pili, akamsomea Esnath kabla ya kuituma. Ilikubali kosa, na ilimwomba Esnath msamaha kwa kumtaja jina. Lakini macho ya Esnath yalikuwa kwenye mikono iliyoshika karatasi.

"Mbona vidole vyako vimetakata?"

"Tangu ulipokata simu sijaingia maabara. Nikichemsha yale majani nakukumbuka, natoka nje."

"Mjinga wewe! Watu wana vidonda huko."

"Nisamehe, Esnath. Nakupenda."

"Nakupenda pia, ndiyo maana nina hasira. Rudi kazini." Akamfuta chozi kwa upande wa kiganja. "Vikiwa vyeusi tena, ndipo uje kwa mama."

Mwisho wa mwezi daktari alikikagua kidonda, akakuta nyama nyekundu mpya imeanza kuota pembeni. Kisu kikaahirishwa, kisha kikafutwa kabisa.

Baada ya mavuno, wageni kutoka Mbeya waliingia nyumbani Kihesa na mshenga wao. Mama Esnath akaleta beseni na jagi, akammiminia Lutengano maji mikononi. Akamimina, akaongeza sabuni, akamimina tena. Weusi haukutoka ng'o. Mama akamtazama binti yake kwa wasiwasi.

"Hiyo mikono uiache hivyo hivyo, mama," sauti ikasema kutoka kwenye kochi. Alikuwa Mzee Zabron, mwalikwa wa heshima, amekunja nne, mguu mmoja juu ya mwingine, bila shida.

Ndipo mama akauliza swali linalosubiriwa siku kama ile. "Esnath, wageni hawa unawafahamu?"

Esnath akachukua taulo, akapiga magoti mbele ya Lutengano, akamfuta vidole kimoja kimoja.

"Nawafahamu, mama. Huyu ni wangu. Pakueni chakula."