Injini ya Koridoni

Ekzosi ilimuunguza Bayingana kwenye muundi saa kumi na moja alfajiri, na pikipiki ilikuwa haijawashwa tangu jana yake jioni.

Aliruka nyuma akajishika mguu. Pikipiki ilikuwa koridoni pale pale alipoiacha, imefungwa mnyororo, ufunguo uko mfukoni mwake. Akasogeza kiganja kwenye injini. Ilikuwa na lile joto la dakika kumi, dakika kumi ambazo kila motari wa Kigali mwenye pikipiki kuukuu huipa injini yake asubuhi, choki imevutwa, kabla ya kuthubutu kupanda mlima wowote.

Alitafuta maelezo. Mtu mwenye shahada ya takwimu hakosi maelezo, hata kama shahada yenyewe imelala chini ya godoro mwaka wa tatu sasa, ndani ya bahasha ya kaki, inangoja kazi kama mgonjwa anayengoja daktari aliyekwisha kuhama nchi. Second class upper. Alituma CV mpaka vidole vikaota sugu. Ofisi moja tu ndiyo iliyomjibu, ikamtaka aje na uzoefu wa miaka mitano, kana kwamba uzoefu unauzwa kwenye kioski pamoja na sabuni. Basi akavaa jaketi la motari, akabeba abiria. Asubuhi hiyo akaona maelezo hayapo, akawasha, akaondoka.

Nyumba ilikuwa ya Yasmina, mshonaji wa Rwezamenyo. Korido moja nyembamba, vyumba vitatu, mlango wa chuma mbele. Kuta za vyumba hazikufika juu kwenye mabati. Ukikohoa chumba hiki, unaambiwa pole chumba kile. Bayingana alipanga cha nyuma, Yasmina alilala cha katikati. Cha mbele, ubavuni mwa pikipiki, kilikuwa cha mama yake Yasmina, bikizee mwenye pumu, mukecuru Mukandekezi. Kwa wiki sita sasa hakikuwa na mtu.

Wiki sita nyuma, mvua ilinyesha alfajiri. Yasmina alikuwa amewasha imbabura, jiko la makaa, koridoni, akabandika maharage, akaenda kuswali, na kutoka msikitini akapitia kuchukua vitambaa. Alipokwisha kutoka, moto wa imbabura ulikufa kabla haujakolea. Bayingana aliliona hilo kwa macho yake: aliisogeza kwa mguu apate kupita, makaa meusi, baridi kabisa. Kisha akawasha pikipiki. Siku nyingine angeisukuma hadi nje, lakini nje kulikuwa na mvua, na mkuu wa mudugudu, kiongozi wa mtaa, alikwisha kumwonya mara mbili kuhusu kelele za alfajiri. Akafunga mlango wa chuma, kistaarabu, asiamshe majirani. Akavuta choki. Akaenda kuoga. Maji yalikuwa baridi, akangoja yachemke. Dakika kumi zikawa ishirini na tano. Aliporudi korido ilikuwa ya buluu kwa moshi. Alikohoa, akatoa pikipiki, akafunga mlango nyuma yake.

Saa nne Yasmina alirudi akamkuta mama yake amelala, midomo myekundu kama ya msichana.

Majirani walisema ni imbabura. Hakuna aliyeinama kutazama makaa. Yasmina akasema, "Nimemuua mama yangu kwa maharage," akakaa chini. Bayingana alisoma kemia sekondari; alijua hata jina la ile hewa ya ekzosi inayoua usingizini na kuacha midomo myekundu. Usomi wake wote ulimfaa kwa jambo hilo moja tu. Akamwambia, "Pole mama, ni kazi ya Mungu," akabeba pembe ya jeneza.

Siku mbili baada ya kuungua muundi, aliisikia. Alikuwa kitandani, ufunguo umo ndani ya ngumi yake, na huko koridoni injini ilikuwa inaunguruma polepole, tu-tu-tu-tu, ya kupashwa, isiyo na haraka. Alipofungua mlango, kimya. Tangi lilikuwa bado linatetemeka.

Kenny, motari mwenzake wa kituo cha Sonatubes, ndiye aliyeanza kunusa.

"Sha Bayi, unaoga petroli?"

"Niache."

"Siyo petroli. Moshi. Yule dada umeshusha hapa ameniambia yule motari iko na harufu ya jenereta mdomoni." Kenny alicheka, halafu akamtazama vizuri, akaacha. "Unalala kweli?"

"Nalala."

"Basi ulale na mtu mwingine. Huyu unalala naye anakumaliza."

Asubuhi iliyofuata, mngurumo ulipoanza, kilisikika pia kikohozi. Kilitoka chumba cha mbele, kile kitupu, kikohozi kikavu cha mtu wa pumu anayejizuia asisumbue watu, na kila kilipopanda injini nayo ilipanda, na kilipokatika injini ilishuka ikangoja, kama mtu anayesikiliza mlangoni, na moshi ukaanza kupita juu ya kuta, pale zilipokosa kufika mabati, ukateremka taratibu hadi kwenye neti ya Bayingana, ukasimama hapo, ukiwa na umbo la mgongo ulioinama, na yeye akajifunika shuka akisali kwa Kiganda alichofundishwa na mama yake Kampala, kwa Kiingereza, kwa Kinyarwanda, kwa kila lugha aliyonayo, isipokuwa maneno mawili ambayo yangetosha kwa lugha yoyote.

Ukutani Yasmina aligonga kidogo.

"Bayingana," alinong'ona. "Na wewe unasikia?"

Akatoa kichwa ndani ya shuka.

"Nasikia, mama."

"Ni mimi anayenitaka. Mama amenirudia kwa sababu ya imbabura yangu."

Angeweza kusema pale pale, gizani, bila hata kumtazama usoni. Akasema, "Jaribu kulala."

Yasmina alimwita Sheikh Kalisa, aliyewasomea watu dua Rwezamenyo yote. Alikuja baada ya Alasiri, mzee mfupi mwenye mafua, akaomba chai kwanza. Akasoma koridoni, akapuliza kwenye maji, akanyunyizia pikipiki. Maji yalichemka juu ya injini baridi. Sheikh aliweka kikombe chini.

"Siyo mama yako," alimwambia Yasmina kwa sauti ya chini. "Mama yako amepumzika. Hili ni jini, limeingia kwa kosa lililofunikwa. Linakula siri. Mwenye kosa alitaje kwa kinywa chake, hapa, aaminiwe, nalo litakosa chakula, litatoka." Akapangusa pua. "Lakini asikiri asiyetenda. Akikiri asiyetenda, amelifungulia mlango wa kifua chake. Mnanielewa?"

"Yego," Bayingana alisema. Muundi ulimwasha.

Alihesabu, kwa sababu kuhesabu ndiko alikosomea. Akisema, watakuja polisi. Akisema, mtaa mzima utamjua. Akinyamaza kidogo tu, sekunde tano, apange maneno...

"Ni mimi," alisema Yasmina. "Niliacha imbabura inawaka, nikaenda. Nimemuua mama yangu."

Alisema kwa moyo safi kabisa, hakuwa na chembe ya uongo. Sheikh alimtazama, kisha akamgeukia Bayingana, akangoja. Bayingana aliangalia sakafu. Moshi mwembamba ulitoka kwenye ekzosi, ukatambaa kwenye saruji, ukapanda kwenye kanga ya Yasmina. Yasmina akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Kumetulia," alisema.

Kweli kulitulia. Asubuhi tatu Bayingana alilala kama mtoto. Injini ilikuwa baridi. Kenny alimwambia ananukia kama mtu. Abiria walipanda naye hadi Nyarutarama bila kuziba pua.

Ya nne, alipopita mlango wa Yasmina, alisikia tu-tu-tu-tu. Haikutoka kwenye pikipiki. Akasukuma mlango. Yasmina alikuwa ameketi kitandani, amevaa vizuri, macho wazi, na ule mngurumo ulikuwa kifuani mwake, mtaratibu, usio na haraka. Midomo yake ilikuwa myekundu.

Bayingana akapiga magoti. Yalitoka yote bila mpango: mvua, mlango wa chuma, choki, maji ya kuoga, makaa yaliyokuwa baridi.

"Ni mimi, mama. Siyo imbabura yako. Ni mimi niliyemuua. Nilijua siku ile ile."

Yasmina alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akanyoosha mkono, akampapasa kichwani. Kiganja kilikuwa cha moto.

"Kijana mzuri," alisema. "Umesoma, na bado una huruma. Unataka kunibebea dhambi yangu."

"Mama, nasema kweli."

"Najua kwa nini unasema. Usiseme tena." Alitabasamu, na kila neno lilitoka na moshi wa buluu. "Mungu akulipe, Bayingana. Mungu akulipe sana."