Kiti cha Mchoraji

Fundi Nyaya alifika ofisini kwa mpima ardhi saa kumi na mbili jioni, begani mkoba, moyoni hasira. Mchana ule bosi alikuwa ametoa neno lake: kama kesho asubuhi dada yake fundi, mchoraji mpya, hajaanza kuchora ramani, kazi anapewa mtu mwingine. Na dada mtu yuko kitandani kwa amri ya daktari, mimba ya miezi sita, mbili za kabla ya hii zote zimeharibika. Akinyanyuka, hii nayo inakwenda. Akikosa kazi, mtoto akizaliwa atalelewa kwa nini? Sasa mtu wa hivyo utamwambia asubiri nini?

Dawa ilikuwa moja: kuiandaa ile kompyuta ya Linux ya ofisini ili dada aingie humo kutokea kitandani, aione skrini yake kwenye kompyuta ndogo aliyonayo nyumbani, achore kama yuko pale pale mezani. Kwa fundi anayejua, ni kazi ya nusu saa.

"Nusu saa tu, fundi," mlinzi alimnong'oneza akimfungulia mlango. "Giza likiingia, usikae kile kiti."

"Kina kunguni?"

Mlinzi hakucheka. Mchoraji wa zamani, alimweleza, alifia pale pale mezani miaka minne iliyopita, na alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba kiti chake harithi mtu. Mafundi wawili wameshakimbia. Mmoja aliacha hata viatu.

"Vikinitosha nitavichukua," Fundi Nyaya alijibu, akapita.

Chumba kilinuka dawa ya kuchua misuli. Ile kali, ya wazee wenye migongo. Akakaa. Akaunti ya kazi ilikuwa moja tu, "mchoraji", tangu enzi za marehemu. Ofisi hiyo kila aliyeajiriwa alirithishwa akaunti na neno la siri la aliyemtangulia, kama kikombe cha chai kabatini. Naye, kwa haraka zake, akaiacha hivyo hivyo. Kosa lake ndilo hilo. Akaweka programu ya kuingilia kwa mbali, akafungua njia kati ya mashine hii na ile ya dada, akajitoa kwenye akaunti, akampigia dada.

"Ingia."

"Nimeingia... mbona kweusi?"

"Kweusi vipi?"

"Kweusi ti."

Fundi Nyaya alijua maana yake. Mashine ile haikubali mtu mmoja akae pawili. Skrini ikija nyeusi huko mbali, basi mwenye akaunti ameshakaa mezani, anaitumia. Lakini yeye si amejitoa sasa hivi? Akaingia kwa akaunti ya msimamizi, akaiuliza mashine: nani mwingine yumo?

Jibu likaja, mstari mmoja.

Mchoraji. Yuko mezani. Tangu...

Akaisoma ile tarehe mara mbili. Ilikuwa ya miaka minne nyuma.

Nje jua lilikuwa limeshazama. Harufu ya dawa ikazidi, ikasogea, ikawa kama inapumua sikioni mwake...

Tak.

Kitufe cha kibodi. Mikono yake yote miwili ilikuwa mapajani.

Tak. Tak. Tak.

Kwenye skrini yakatokea maneno mawili: KITI CHANGU.

Hapo mwenye akili zake anakimbia. Lakini akamkumbuka dada yake, kalala chali, mkono tumboni, akisikilizia kama mtoto bado anacheza, na ile hasira aliyokuja nayo ikampanda upya. Alaa! Mtu umeshakufa, bado unawabania wenzako riziki?

"Sikiliza, mzee," alisema, sauti ikitetemeka. "Kiti kaa nacho mpaka uchoke. Mimi nimefuata kazi ya dada yangu."

Kiti kikazunguka ghafla, naye yumo. Akang'ang'ania meza kwa mkono mmoja, kwa mwingine akaanza kuandika, kidole kimoja kimoja: akaunti mpya, kwa jina la dada yake mwenyewe, neno la siri jipya. Herufi zikafutika. Akaandika tena. Zikafutika. Akaandika tena.

"Futa!" akafoka. "Futa mpaka kesho, siondoki!"

Akamaliza. Ile ya mchoraji akaifunga, kisha akamsomea dada jina na neno la siri kwenye simu.

Tak...

Kimya.

"Naona!" dada alipiga kelele kwenye simu. "Ramani zote za kuchora naziona!"

Fundi Nyaya akaiuliza tena mashine: nani mwingine yumo? Jina moja, la dada. Harufu ilikuwa imekatika kabisa. Akakusanya vifaa vyake akicheka peke yake. Pale mlangoni mlinzi akamtazama miguuni.

"Viatu ninavyo," akamwambia.

Hajafika hata kona ya barabara, simu ikaita.

"Mdogo wangu," dada alinong'ona, "ulipokuja asubuhi ulisahau dawa ya kuchua hapa?"

Akasimama. "Sikuja na dawa yoyote."

"Mbona inanuka chumba kizima?"

Ile njia. Aliifungua mwenyewe, kwa mikono yake, na hata dakika moja hakufikiria kwamba kuna wa kuipita kutokea upande wa huku.

"Dada, usinyanyuke! Nakuja. Zima kompyuta!"

"Nizime, na ramani ya kwanza ndiyo naianza? Sizimi." Kipanya kikasikika, tak, tak, dada anachora. Kisha akashusha sauti. "Huyo mzee wako kasimama miguuni pa kitanda, anaangaza pa kukaa. Nimemwambia humu hakuna kiti. Asimame mpaka asubuhi."