Shahidi wa Miaka Kumi na Mitatu

Kila asubuhi ya likizo, kabla hata chai haijapoa, Mlingoti alikuwa ameshaketi kwenye kigoda kando ya cherehani ya shangazi yake, akishona vifungo. Jina hilo alipewa na wenzake shuleni. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu tu, lakini akisimama mstarini ungedhani ndiye mwalimu wa zamu. Ijumaa hiyo, hata hivyo, cherehani ilifunikwa. Shangazi, aliyewashonea maharusi wa mtaa mzima, leo alivaa gauni alilojishonea mwenyewe. Zamu yake ilikuwa imefika, na furaha aliyokuwa nayo haisemeki.

Bwana harusi alikuwa fundi umeme, mtu mpole wa maneno machache. Kesho yake alfajiri alitakiwa kusafiri kikazi kwa miezi minane. Kwa hiyo ndoa ifungwe leo, ama isubiri mpaka arudi, na ofisi ya msajili wa ndoa ilikuwa inafungwa saa sita mchana.

Mambo yalianza vizuri. Msajili, mama mmoja aliyening'iniza miwani kifuani kwa kamba, alikagua vitambulisho na kuona kwamba wote wawili ni watu wazima, wala hakuna mwenye ndoa nyingine. Tangazo lao lilikuwa limekaa ubaoni siku ishirini na moja bila mtu kuleta pingamizi. Kisha akamwita kila mmoja peke yake na kumuuliza kama amekubali kwa hiari yake. Shangazi alijibu kwa sauti iliyosikika hadi koridoni, watu wakacheka.

"Haya, mashahidi wawili wako wapi?" msajili akauliza.

Wa kwanza alikuwepo: baba mdogo wa Mlingoti, fundi viatu. Wa pili, dada mkubwa wa shangazi, alikuwa amepiga simu muda huo huo. Basi limeharibika njiani, asingefika kabla ya saa nane. Ilikuwa saa tano na nusu. Msajili akawaambia watafute mwingine haraka, la sivyo hawezi kuifungisha ndoa hiyo.

Wakatoka koridoni, na macho yote yakamgeukia baba mdogo. Mtaani walimwita Bwana Sheria, ingawa sheria pekee alizowahi kuzisoma ni zile zinazobandikwa nyuma ya mlango wa nyumba ya wageni. Akakohoa, akatamka kwamba shahidi lazima awe ndugu wa damu wa bibi harusi. Aliyasema kwa uhakika mkubwa, na hakuna aliyemuuliza amejuaje.

Ndugu mwingine wa damu aliyekuwepo alikuwa Mlingoti peke yake, basi akamvuta pembeni. Akamnong'oneza kwamba urefu anao, damu anayo, kilichobaki ni kusema ana miaka kumi na minane na kitambulisho amekisahau nyumbani. Mlingoti alimtazama shangazi yake, aliyekesha wiki nzima akitarizi lile gauni, akaona hawezi kumharibia siku.

Wakaingia ndani. Bwana Sheria akaanza kueleza kwamba binti ametimiza kumi na minane juzi juzi tu. Msajili akavaa miwani yake polepole.

"Nakuuliza wewe, mwanangu. Una miaka mingapi?"

Mlingoti akamtazama msajili machoni, akashindwa kudanganya.

"Kumi na mitatu, mama," akasema. "Nisamehe, shangazi."

Bwana harusi akainamisha kichwa. Machozi yalimlengalenga shangazi, lakini akanyoosha mkono akamshika Mlingoti begani. Mkono ule ndio uliompa msichana ujasiri wa kuuliza lililokuwa likimkereketa tangu koridoni.

"Mama, kwani ni lazima shahidi awe ndugu?"

"Nani kawaambia hivyo?" msajili akashangaa. "Mtu mzima yeyote mwenye akili timamu, atakayewaona kwa macho yake wakikubaliana. Hata huyo mpiga picha wenu anatosha."

Mpiga picha, kijana aliyekuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi akisubiri kuambiwa apige, akachomoa kitambulisho mfukoni kabla hajaombwa. Kamera akamkabidhi Mlingoti. Saa sita kasoro dakika tano, maharusi wakatia sahihi, mashahidi wakatia zao, na shangazi akapiga kigelegele yeye mwenyewe bila kungoja mtu.

Msajili alipokuwa akigonga muhuri, alimwita Mlingoti karibu. Akamweleza kwamba cheti hiki kitamlinda shangazi yake na watoto atakaowazaa. Kama kingeandikwa juu ya uongo, siku moja mtu angeweza kukipinga, na aliyedanganya kwa sahihi yake angejibu mbele ya sheria.

"Ulidhani ukweli utaivunja ndoa yao," akasema. "Ukweli ndio umeifungisha. Na usione aibu kuuliza. Aliyeuliza hapa leo ni wewe peke yako, na ndiyo maana tumemaliza."

Bwana Sheria alikuwa akikitazama kiatu chake kana kwamba kinahitaji gundi. Mwishowe akainua uso, akamtazama dada yake, kisha mtoto wa kaka yake.

"Nisameheni," akasema. "Sikuwa najua. Nilipaswa kusema sijui."